Yosefu Nje ya Mlango

Mwaka ule, swali la kwanza nililoulizwa nyumbani, matope ya barabara yakiwa bado kwenye suruali yangu, lilihusu theluji.

"Mjomba, weye umekwisha kuona theluji?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa dada yangu, msichana mwembamba mwenye mapengo mbele. Mama yake aliolewa mbali, Wamaza, upande wa Kabambare, na mtoto alikuwa akilelewa na mama yangu hapa Kasongo ili asome kwa masista. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, Elisabethville. Nilipanda treni mpaka Samba, halafu lori la mchele, halafu baki, yaani kivuko, ya kuvuka Lualaba, na njia nzima nilikuwa nikijiandaa kwa maswali mengine: uhuru utakuja lini, Wazungu watatuachia nini, kwa nini sisi Waafrika darasani ni wa kuhesabika. Kwa theluji sikuwa nimejiandaa.

"Sijaiona," nikasema.

"Hata huko kwenye masomo?"

"Huko kuna jua kama hapa."

Akanitazama kwa huruma. "Basi wanakufundisha nini?"

Shida yake ilikuwa hii. Mtaa wetu ulikuwa na kanisa dogo la kuta za udongo na paa la nyasi. Padri alikuja siku za sikukuu tu. Siku nyingine lilikuwa mikononi mwa katekista, jirani yetu. Kila Noeli watoto wa upande mmoja wa mtaa walipewa kazi ya kulipamba pango la Mtoto Yesu, kibanda cha nyasi chenye sanamu, na mwaka ule ilikuwa zamu ya upande wetu. Masista walikuwa wamemchagua mpwa wangu awaongoze wenzake, na zaidi ya hapo, asubuhi ya Noeli aimbe peke yake mwanzo wa wimbo. Angefurahi sana, isipokuwa kwa jambo moja: nkambo yake, yaani mama yangu, alikuwa ameapa kwamba hataingia tena kusali katika kanisa lile.

Kiapo kilitokana na pamba.

Noeli iliyotangulia, sista mmoja alikuwa amewaonyesha watoto picha ya pango la Ulaya, paa lote jeupe kwa theluji. Theluji kwetu haipo, kwa hiyo wakaweka pamba. Mama yangu aliingia, akapiga goti, akainua macho, akaona. Kwetu pamba haikuwa kitu cha kupangusia kidonda. Kila nyumba ilikuwa na shamba lake la lazima. Mnyapara alilipima kwa kamba, akarudi kukagua magugu, na siku ya soko mavuno yaliwekwa kwenye mizani ambayo hakuna aliyekualika uisome. Baba yangu, Mungu amrehemu (naandika hivi kwa mazoea), alifungwa kwa sababu ya magugu. Aliporudi hakutamka tena neno pamba. Alisema "ile".

Basi mama yangu, akiwa bado amepiga goti, alisema kwa sauti ya shambani: "Hata huyu mutoto? Amezaliwa usiku, asubuhi wamemupa shamba ya pamba?"

Kanisa zima lilicheka. Katekista, aliyekuwa anaogopa kucheka mbele ya padri, alimshika mkono akamtoa nje. Mama hakubishana. Alikunja mkeka wake akaenda nyumbani, na toka siku ile alisali uani. "Mungu hana masikio kanisani peke yake," alisema. Mimi, ambaye nilikuwa na mashaka hata na hayo masikio, nilimuunga mkono. Mpwa wangu hakutaka kuungwa mkono.

"Miye nataka aingie," aliniambia. "Nikiimba, nimuone."

*

Kazi tuliifanya uani kwa mama, watoto wa upande wetu wote wakiwa wamejazana kama kuku penye chenga za mchele. Tulianza na taa. Unachuma papai bichi, unalikata kichwa, unalikomba mbegu kwa kijiko mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba, halafu unatoboa madirisha: nyota, mwezi, samaki kwa asiyeweza nyota. Ndani unamimina mawese kidogo na kuweka utambi. Utomvu wa papai ulitung'ata vidoleni. Nyota za kuning'iniza tulizikata kwenye makopo ya sardini, na hapo niliajiriwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na mikono mikubwa na, kama alivyosema mpwa wangu, sikuwa na kazi nyingine.

"Kwa nini nyota ina ncha tano?" niliwauliza. "Nani ameihesabu?"

"Mjomba, kata."

"Na malaika, kwa nini nywele zake zinanyooka?"

"Kwa sababu anaruka," alijibu mtoto mmoja. "Upepo."

Nilijikata kidole, wakafurahi.

Upande wa pili wa ua mama yangu alikuwa anashughulika na vitumbua. Kasongo bila vitumbua Noeli haijafika, na vitumbua bila jirani yetu Mwislamu havipikiki, maana chuma chenye vishimo kilikuwa chake. Ukoo wake ulikuja na misafara zamani, ukaleta mchele na huo upishi wake, na wajukuu wakabaki na maduka na ukarimu. Kila Noeli alitukopesha chuma, kila Idi mama alimpelekea kuku. Kulikuwa na sharti moja: mchanganyiko usitiwe malafu. Wakristo wengine walizoea kuumua unga kwa mvinyo huo wa mchikichi, lakini chuma cha jirani hakikuguswa na kileo, kwa hiyo mama aliumua kwa ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi. Ndiyo maana vitumbua vya kwetu vilikuwa na harufu ya ndizi. Mpaka leo nikila vya mtu mwingine naona vimesahau kitu.

Jirani mwenyewe alikaa kwenye kigoda, kanga begani, akisimamia chuma chake kama mtu aliyemsindikiza binti kwa wakwe.

"Moto muzuri huo," alisema. "Usiuharakishe."

"Dada, nimepika toka ungali unanyonya," alijibu mama.

"Ndiyo maana nimekuja. Macho yako yamezeeka."

Na watoto waliangua kicheko, kwa kuwa wale wawili walizaliwa msimu mmoja na walitukanana hivyo kila siku ya Mungu.

*

Tatizo lilibaki paa la pango. Katekista alikuwa amempa mpwa wangu furushi la pamba na agizo: theluji iwepo, padri ameizoea. Mtoto alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akalificha kwenye dari ya jiko, juu ya moshi, mahali ambapo nkambo yake alikuwa hapandi tena. Alijua kwamba pamba ikionekana juu ya lile paa, mama hataingia, si mwaka ule tu.

Akatafuta weupe mwingine. Kwanza majivu, lakini yalikuwa ya kijivu na yalimfanya Maria aonekane kama ameokolewa kwenye nyumba iliyoungua. Halafu maganda ya mayai. Tungehitaji kuku wa Kasongo nzima. Halafu akaiba unga wa mchele wa vitumbua akaunyunyiza juu ya pango, tuliloliweka barazani likauke. Kazi ilikuwa nzuri kwa muda wa kwenda kisimani na kurudi. Tulimkuta jogoo juu ya paa, kuku wawili ndani ya hori, na punda wa udongo hana sikio.

Jirani alicheka mpaka akashika nguzo. "Jamani, mchele unaliwa," alisema. "Haumwagwi juu ya nyumba ya watu."

Mpwa wangu hakucheka. Alikaa chini, akamwokota punda, akaanza kulia bila sauti, akijifuta kwa mkono wenye unga.

Nilidhani huo ndio wakati wangu. Nilimwendea mama nikamweleza kwa hoja: kwamba kanisa si mali ya katekista, kwamba pamba ni mmea tu, kwamba kiapo alichokiapa kwa hasira hakimfungi. Nilikuwa nimesoma mambo hayo na niliyapanga vizuri. Mama aligeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja.

"Baba," alisema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Weye mwenyewe utaingia?"

"Mimi? Mimi siamini mambo haya."

"Basi tutakaa huku wawili. Leta sahani."

Yule mtoto alikuwa amesikia. Alikuja akiwa na punda wake, akachuchumaa karibu na moto, na baada ya muda akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Nkambo, huyu Maria, nani alimuzalisha?"

Kijiti cha mama kilisimama. Inafaa mjue kwamba mama yangu ndiye aliyeitwa kwa uzazi mtaani kwetu, usiku na mchana, mvua na jua. Nusu ya watoto waliokuwa pale uani walipokewa na mikono ile.

"Hawakuwaambia shuleni?"

"Walisema alikuwa na Yosefu. Na ng'ombe."

"Mwanaume?" alisema mama. "Mwanaume ndani ya nyumba ya uzazi? Peke yake?" Akamgeukia jirani. "Na nyie mnasemaje? Si mnamjua huyu Mariamu?"

"Tunamjua sana," alisema jirani. "Sisi tunasema alizaa peke yake chini ya mtende. Hakuna mtu."

Mama aliondoa chuma motoni. Sijawahi kumwona akiondoa chuma chenye vitumbua vibichi.

"Wakristo wanasema Yosefu. Waislamu wanasema mtende. Miaka yote hii, hakuna hata mumoja aliyeenda kumutafutia mwanamke?"

Nilitaka kusema kwamba habari hiyo ni ya zamani na haina hakika, lakini niliona uso wake nikasogeza kuni. Alikuwa na hasira ile ninayoijua, hasira ya mtu aliyechelewa kuitwa.

"Na pemba hawakumupaka," alisema mtoto taratibu. "Mlango wake hauna kitu."

Pemba ni udongo mweupe. Kwao mama, upande wa Kabambare, mtoto akizaliwa mzazi hupakwa pemba usoni na mikononi, na mwimo wa mlango hupakwa pia, ili kila apitaye ajue ndani kuna uzima mpya na asipige kelele. Mpaka hayo yamalizike baba wa mtoto hukaa nje, akitazama njia. Si mtu yeyote anayepaka: ni yule mama anayezalisha. Mtoto hawezi kupaka, wala sista asiyezaa hawezi.

Mama aliingia chumbani. Alitoka na bonge la pemba lililofungwa kwa jani, lile ambalo dada yangu alimletea kutoka mtoni Wamaza, na ambalo alilitumia kidogo kidogo kama dawa. Akapanda pia dari ya jiko kutafuta kibuyu cha kukorogea pemba, kwa shida, magoti yakilia. Alishuka na kibuyu mkono mmoja na furushi la pamba mkono wa pili.

Mpwa wangu alimkumbatia punda wake.

Mama alilitazama furushi, akatutazama, akaketi. Akanyofoa pamba kidogo, akaisokota pajani kwa kiganja mpaka ikawa uzi mnene. "Taa zenu hazina tambi za maana," alisema. "Hii, kazi yake ni kuungua. Leteni mapapai."

Aliisokota yote, mpaka furushi likabaki kitambaa kitupu.

*

Jua lilikuwa linaelekea kushuka, siku ya mkesha, tulipolipeleka pango kanisani. Mbele alikwenda mama na kibuyu chake, nyuma yake watoto na taa za papai zisizowashwa bado, nyota za makopo zikigongana, na mwisho mimi na sahani ya vitumbua. Katekista alikuwa anafagia. Alimwona mama akasimama katikati ya mlango, ufagio mkononi.

"Mama," alisema. "Kuna mambo hatujayamaliza, weye na miye."

"Yapo, lakini si leo. Nimekuja kwa mzazi."

"Mzazi gani?"

Mama alielekeza kidevu kwenye pango tulilokuwa tumelibeba. Katekista alifungua mdomo. Ninamjua, alikuwa na mafundisho yake tayari. Lakini alikuwa pia na watoto, na wote walipitia mikono ya huyu mwanamke, na kila mara yeye alikuwa amekaa nje juu ya gogo akitetemeka, akiuliza kupitia ukuta kama bado.

"Toka," mama alimwambia, bila ukali. "Unajua desturi. Hapa sasa ni kwa wanawake."

Akatoka. Nami nikatolewa, baada ya kunyang'anywa sahani. Na hatukukaa sana pale nje kabla mama hajatokea tena akiwa amemkumbatia Yosefu, sanamu ya mti yenye urefu wa goti. Akamweka chini ya ukingo wa paa, kando yetu, uso ukitazama barabara. Akarudi ndani.

Tukabaki nje wanaume: katekista, mimi, na Yosefu.

"Padri ataniua," alisema katekista.

"Kwa nini?" niliuliza. "Wapi imeandikwa kwamba alikuwa ndani?"

"Weye na maswali yako," alisema, lakini alimsogeza Yosefu kidogo asilowe, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Mpwa wangu alitoka mbio na jani la mgomba, akamfunika kichwa, akarudi ndani bila kututazama.

Tulipoitwa, taa zilikuwa zimewashwa. Mama alikuwa amempaka Maria pemba kwenye paji na mikono, na miimo miwili ya pango ilikuwa myeupe kwa alama za vidole vyake. Paa lilibaki nyasi. Mbele ya Maria kulikuwa na kitumbua kimoja, kwa kuwa aliyezaa ndiye anakula kwanza. Watoto, ambao mchana kutwa walikuwa wakipigania makombo, walikizunguka bila kukigusa.

"Na Yosefu?" aliuliza katekista.

"Pemba ikauke," alisema mama. Akachukua kibuyu chake akaenda nyumbani. Alikuwa ameingia kazini, akamaliza kazi, akatoka. Mpwa wangu alimtazama mgongo mpaka njia ilipokunja. Kiapo kilikuwa cha kutosali mle, na sala ilikuwa bado.

Njiani nilimuuliza: "Ulijua? Ulipouliza nani alimzalisha, ulijua itakuwa hivi?"

"Mjomba, weye unauliza sana."

*

Asubuhi mvua ilinyesha kweli. Padri alifika kwa pikipiki, koti limemganda mwilini, akasimama mbele ya Yosefu aliyevaa jani la mgomba. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama katekista.

"Padri," alisema katekista, "ndani kuna mzazi."

Padri alichungulia, akaona alama za vidole. Alikuwa amekaa nchini muda mrefu kuliko umri wangu. Sijui alielewa nini. Alisema tu kwamba Misa haiwezi kuanza baba wa familia akiwa mvuani. Mimi nilikuwa nikitazama kitumbua. Hakikuwepo tena. Nilifikiria panya, halafu nikaona mdomo wa katekista unang'aa mafuta.

Mama alikuwa amesimama nje, chini ya ukingo wa paa, kanga kichwani. Alikuja, hilo tu. Ndani mpwa wangu alikuwa amesimama mbele ya watu wote na gauni lake jeupe, na macho yake yalikuwa mlangoni. Watu walianza kukohoa.

Katekista alitoka. Nilidhani atamwinua Yosefu. Hakumgusa.

"Mama," alisema, na alisema kwa sauti iliyosikika ndani, "Padri anataka huyu aingie. Miye siwezi. Aliyemutoa ndiye anamuingiza."

Hiyo nayo ni desturi, na alikuwa na haki. Mama alimtazama kwa jicho moja, kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

"Mwaka jana ulinishika mkono," alisema.

"Nilikushika vibaya."

Mama alilichukua lile jani, akanipa mimi. Akamfuta Yosefu uso kwa pindo la kanga, akambeba kama anavyobeba watoto wa watu, akaingia naye. Alipiga goti, akamweka mahali pake, kando ya Maria, akamgeuza kidogo ili amwone mtoto. Akainuka ili atoke.

Ndipo mpwa wangu alipoanza kuimba. Hakungoja ishara ya padri wala ya mtu yeyote. Sauti yake ilitetemeka kwenye mapengo, ikapotea, ikarudi. Mama alisimama, uso mlangoni, mkono wake wenye pemba ukining'inia. Humwachi mtoto wako akiimba ukampa mgongo. Akarudi nyuma hatua moja, mwanamke mmoja akamsogezea nafasi kwenye benchi, akaketi.

Mimi nilibaki mlangoni, mahali alipokuwa Yosefu, jani la mgomba mkononi. Nilikuwa bado na maswali yangu yote. Mama aligeuka akaniona, akanyanyua kidevu: ingia, unalowa.

Niliingia. Mvua ilikuwa kubwa kweli.